Kasha Lenye Kufuli: Hifadhi Nafuu ya Bunduki na Viuatilifu katika Kaya za Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Katika vilima vya Umatengo kahawa ya Arabika ndiyo inayosomesha watoto na kuezeka nyumba, na ni nadra nyumba ya mkulima kukosa chupa au pakiti ya kiuatilifu. Mvua zinapoanza, mibuni huandamwa na chulebuni na kutu ya majani. Mahindi nayo yakishavunwa huandamwa na dumuzi na fukusi ghalani. Mwambaoni, kuanzia Lituhi kupita Liuli hadi Mbamba Bay, mkulima wa mihogo, mpunga na mahindi ana maadui wengine tena: nguruwe pori, nyani, na katika baadhi ya sehemu viboko. Kwa sababu hiyo baadhi ya nyumba zina bunduki yenye kibali, au gobore ambalo mzee wa nyumba alirithi kwa baba yake.

Vitu hivi viwili havifanani kwa umbo wala kwa kazi. Hata hivyo, kwa macho ya mtoa huduma za afya vinafanana kwa jambo moja kubwa. Kila kimoja kinaweza kukatisha uhai kwa tendo la dakika moja, liwe tendo la mtoto anayecheza, la mlevi aliyeghadhibika, au la mtu mzima aliyezidiwa na huzuni. Tena katika nyumba nyingi vitu hivyo hukaa mahali pamoja na vitu vya kawaida: uvunguni mwa kitanda, juu ya dari, nyuma ya mlango, au pembeni mwa jiko.

Somo hili linaeleza jinsi familia yenye kipato kidogo inavyoweza kuchagua kasha lenye kufuli kwa ajili ya silaha na kwa ajili ya viuatilifu, na jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kulizungumza jambo hili na mgonjwa bila kumwaibisha. Hoja yake kuu ni kwamba bei ya kasha si kipimo cha usalama. Usalama hupimwa kwa mambo matatu: kilichomo ndani ni kidogo kiasi gani, kufuli linafungwa kila siku au la, na ufunguo umo mikononi mwa nani.

Kwa nini kufuli ni jambo la afya

Watu wengi huamini kwamba anayetaka kujiua hupanga kwa muda mrefu na kwamba, akizuiwa njia moja, lazima atafute nyingine. Tafiti za nchi mbalimbali zilizowahoji walionusurika zinaonyesha picha tofauti. Kwa sehemu kubwa yao, muda kati ya wazo la mwisho na tendo lenyewe ulikuwa mfupi sana: dakika chache au saa chache. Wengi wa walionusurika hawakufa kwa kujiua baadaye. Wimbi lilipita, msaada ukapatikana, maisha yakaendelea. Wahenga walisema hasira hasara. Katika tiba, hasara hiyo hutegemea sana kilichokuwa karibu na mkono wakati hasira au huzuni ilipofika kileleni.

Kufuli haliondoi deni, ugomvi wa shamba wala sonona. Linachofanya ni kuweka kizuizi na muda kati ya mtu na tendo. Muda huo ndio unaompa mke nafasi ya kurudi kutoka kisimani, jirani nafasi ya kubisha hodi, na mwenyewe nafasi ya kutulia.

Kwa watoto, jambo ni jepesi zaidi kueleweka. Mtoto wa miaka 2 au 3 hujua ulimwengu kwa kuutia mdomoni. Dawa ya mimea iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, kwake ni soda au maji. Mtoto wa miaka 8 aliyemwona babu akilenga nyani atataka kujaribu. Kumkanya mtoto ni vizuri, lakini hakutoshi, kwa kuwa udadisi wa mtoto una nguvu kuliko kumbukumbu ya onyo.

Ushahidi unasema nini

Kuhusu bunduki, utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005 katika jarida la JAMA ulilinganisha nyumba ambamo mtoto au kijana alikuwa amejipiga au kupigwa risasi kwa bahati mbaya na nyumba nyingine zenye bunduki zisizopatwa na msiba huo. Mambo manne yalihusishwa na usalama zaidi: bunduki kufungiwa, bunduki kutokuwa na risasi ndani, risasi nazo kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Kila jambo lilikuwa na manufaa yake lenyewe. Familia isiyomudu yote manne kwa siku moja inaweza kuanza na mawili yasiyogharimu chochote, yaani kutoa risasi na kuitenga.

Kuhusu viuatilifu, ushahidi unahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Nchini Sri Lanka ulifanyika utafiti mkubwa katika vijiji 180 vyenye kaya zaidi ya 50,000. Nusu ya vijiji vilipewa makasha yenye kufuli, nusu havikupewa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba ugawaji wa makasha ulipunguza watu kujidhuru kwa viuatilifu. Lakini nchi hiyohiyo ilikuwa imeshuhudia vifo vya kujiua vikipungua kwa zaidi ya theluthi mbili katika miongo miwili iliyofuata mwaka 1995, baada ya serikali kupiga marufuku kwa awamu viuatilifu vyenye sumu kali zaidi.

Mafunzo mawili yanatokana na hapo. Kwanza, kasha likigawiwa na kuachwa bila mazungumzo juu ya kilichomo na ufunguo, ni sanduku tu. Pili, hatua yenye nguvu kuliko zote ni kutoiingiza sumu kali nyumbani tangu mwanzo. Kasha linabaki kuwa na kazi yake, hasa kwa watoto, lakini ni hatua ya tatu, baada ya kupunguza na kutenga.

Hatua ya kwanza: kupunguza

Kabla ya kutafuta fundi, familia ipitie nyumba yote na kukusanya kila chupa, pakiti na kopo. Mara nyingi hugundulika mabaki ya misimu iliyopita ambayo hayana lebo na ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini. Hayo yasimwagwe mtoni, ziwani wala chooni, na yasichomwe jikoni. Ofisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa namna ya kuyaondoa, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo yenye dhamana ya jambo hilo kitaifa.

Wakati wa kununua, mkulima atazame utepe wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu ya kiasi cha kati yenye madhara makubwa. Bluu ni ya chini zaidi. Kijani ni ya chini kuliko zote, ingawa si salama kwa kunywa. Duka la pembejeo likiwa na dawa mbili zinazotibu tatizo lile lile, ichaguliwe yenye utepe wa rangi ya hatari ndogo. Inunuliwe ya kutosha msimu mmoja tu, hata kama chupa kubwa inaonekana nafuu. Chupa kubwa inayobaki nusu mwaka mzima ndani ya nyumba ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Palipo na chama cha msingi cha ushirika chenye ghala, wanachama wanaweza kukubaliana kuhifadhi viuatilifu vyao huko na kuvichukua siku ya kupulizia. Jaribio dogo la hifadhi ya pamoja katika vijiji vya jimbo la Tamil Nadu, India, lililochapishwa mwaka 2013, lilitoa matumaini. Kwa kaya moja moja, hii ndiyo hifadhi ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu nyumba haihitaji kasha kabisa.

Kwa bunduki nako kuna kupunguza. Silaha isiyotumika tena, au ambayo mmiliki wake amefariki, haipaswi kubaki darini kwa heshima ya marehemu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahitaji kila silaha, gobore likiwemo, iwe na mmiliki mwenye kibali. Warithi waende kituo cha polisi kuuliza utaratibu wa kuisalimisha au kuiombea kibali upya, kabla silaha haijawaletea balaa la kisheria au la kiafya.

Hatua ya pili: kutenga

Kasha la bunduki na kasha la viuatilifu yawe mawili, kamwe lisiwe moja. Baadhi ya viuatilifu hutoa mvuke unaotafuna chuma. Dawa zenye shaba, ambazo wakulima wa kahawa huzitumia sana, huozesha bati na chuma upesi. Aidha, anayehitaji dawa ya shamba asilazimike kufungua penye silaha.

Bunduki itengwe na risasi. Kwa gobore, baruti na fataki ziwekwe kwenye chombo kingine kikavu chenye kufuli, mbali na moto wa jikoni. Gobore lililokwisha kushindiliwa halipakuliwi kwa urahisi kama bunduki ya kisasa. Kwa hiyo lisiingizwe ndani ya nyumba likiwa limeshindiliwa, hata kwa usiku mmoja.

Viuatilifu vitengwe na chakula, mbegu, pumba za mifugo, vyombo vya maji na dawa za binadamu. Vibaki ndani ya vyombo vyake vya asili vyenye lebo. Chombo kilichokwisha kisuuzwe mara 3, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya pampu ya kupulizia, kisha kitobolewe ili asipatikane mtu wa kukitumia kwa mafuta ya taa, maji au pombe ya kienyeji.

Hatua ya tatu: kuchagua kasha

Tranka la bati. Sanduku ambalo mwanafunzi wa bweni alikwenda nalo shuleni mara nyingi limo nyumbani tayari. Kwa viuatilifu linafaa likitiwa beseni la plastiki ndani ili kuzuia uvujaji na kutu, komeo lake likikazwa kwa ribiti badala ya misumari, na likifungwa kwa kufuli imara. Kwa risasi peke yake linafaa pia, likiwa limefungiwa ukutani. Kwa bunduki halifai: ni fupi, bati lake ni jembamba, na hubebwa na mtu mmoja.

Kasha la mbao. Fundi seremala wa kijijini anaweza kulitengeneza kwa mbao za msindano au mkaratusi. Kwa viuatilifu ni chaguo zuri, kwa kuwa mbao haziliwi na dawa za shaba. Bawaba ziwe upande wa ndani, au zifungwe kwa bolti zenye nati ndani, maana bawaba ya skrubu za nje hufunguliwa kwa bisibisi bila kugusa kufuli. Yatobolewe matundu madogo ya hewa karibu na ukingo wa juu. Unga na chembechembe viwekwe rafu ya juu, vimiminika rafu ya chini, ili kinachovuja kisidondokee kingine.

Kasha la chuma la fundi wa kuchomelea. Hili ndilo chaguo la kati linaloifaa bunduki. Fundi anayetengeneza milango na madirisha ya chuma mjini Mbinga ana vifaa vyote vinavyohitajika. Apewe maelezo haya: bati la chuma lenye unene wa milimita 2, kiasi ambacho kinatumika pia katika kiwango cha Uingereza cha makabati ya bunduki, urefu wa ndani unaozidi urefu wa silaha kwa takriban sentimita 5, baada ya silaha yenyewe kupimwa, mlango unaoingia ndani ya fremu, ili mtaimbo usipate pa kupenya, kitasa cha ndani badala ya kufuli la kuning'inia, au kufuli lililofunikwa kwa boksi la chuma lisifikiwe na msumeno, na matundu 4 ya bolti kwenye bati la nyuma. Kisanduku kidogo chenye ufunguo wake kinaweza kuchomelewa ndani kwa ajili ya risasi, na hapo fundi mmoja atakuwa amemaliza kazi mbili.

Kebo au kufuli la kifyatulio. Kebo ya chuma inayopitishwa ndani ya chemba ya bunduki huizuia isipokee risasi. Ni nafuu na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini haizuii wizi. Ichukuliwe kuwa hatua ya muda wakati fedha ya kasha inatafutwa, au kinga ya ziada ndani ya kasha.

Sefu ya dukani yenye namba za siri. Nyingi kati ya zile ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya fedha na nyaraka, na bunduki ndefu haiingii. Anayenunua kwa ajili ya risasi au bastola abadilishe namba ya kiwandani siku hiyohiyo, abadilishe betri kabla hazijaisha, na asiuache ufunguo wa dharura juu ya sefu. Uzito na rangi ya kung'aa visimpumbaze: sefu isiyofungwa ukutani au sakafuni hubebwa nzima.

Kufunga kasha ukutani

Kasha lisilofungwa ni mzigo ulioandaliwa kwa ajili ya mwizi. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, bolti 4 zenye kipenyo cha milimita 10 zinatosha. Kwenye ukuta wa tofali mbichi au wa miti na udongo, bolti za kawaida zitang'oka. Hapo bolti ipenye ukuta mzima na kukazwa kwa bamba la chuma upande wa pili, au kasha lifungwe kwenye sakafu ya zege.

Mwambaoni, unyevu wa ziwa huleta kutu mapema. Kasha la chuma lipakwe rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, liinuliwe kidogo kutoka sakafuni, na kitasa kitiwe mafuta mara kwa mara. Kufuli lililoshika kutu huwa gumu kufungua, na kufuli gumu huachwa wazi. Kasha la viuatilifu liwe nje ya vyumba vya kulala na jikoni, kwenye kivuli, mbali na kisima na mbali na sehemu inayofurika maji wakati wa masika.

Ufunguo ukae kwa nani

Hapa ndipo makasha mengi hushindwa. Ufunguo unaoning'inia kwenye msumari ukutani, au unaokaa chini ya mkeka ambao kila mtoto anaujua, ni sawa na mlango ulio wazi. Kwa siku za kawaida, mtu mzima mmoja ashike ufunguo, autembee nao, na ufunguo wa akiba uwe nje ya nyumba kwa ndugu anayeaminika.

Lakini mara nyingi anayeshika ufunguo ni baba mwenye nyumba, na huenda ndiye aliye hatarini. Chukuliwa mfano wa kufikirika: mkulima wa kahawa aliyekopa kwa matarajio ya mavuno, bei ikashuka, kijana wake akarudishwa shule kwa ada, naye ameanza kukosa usingizi, kunywa kuliko zamani na kusema kwamba familia ingekuwa bora bila yeye. Kasha la kwake linaweza kuwa la chuma cha milimita 2 na kufungwa kwa bolti 4, lakini kwake halifungi kitu, kwa kuwa ufunguo umo mfukoni mwake. Katika kipindi kama hicho ufunguo uhame, au kilichomo ndani ndicho kihame: viuatilifu viende kwa kaka au ghalani kwa chama, na bunduki ipelekwe kituo cha polisi kwa ombi la kuhifadhiwa hadi mwenyewe apone.

Umatengo una desturi inayoweza kusaidia jambo hili. Sengu ilikuwa baraza la familia pana, ambapo watu walikula pamoja na kushauriana juu ya mashamba, malezi na migogoro. Mahali ambapo wazee bado wanasikilizwa kwa namna hiyo, kumkabidhi mmoja wao ufunguo si aibu wala kunyang'anywa ubaba. Ni kusaidiana, kama ndugu wanavyosaidiana kulima ngoro. Jambo likielezwa hivyo, mwenye nyumba huachia ufunguo kwa hiari, na hiari ndiyo inayodumu.

Kazi ya mhudumu wa afya

Katika zahanati na vituo vya afya, swali la hifadhi linaweza kuingizwa katika mazungumzo ya kawaida: kliniki ya watoto, kliniki ya sonona na kifafa, ziara ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na hasa kabla ya kumruhusu mgonjwa aliyejidhuru kurudi nyumbani. Swali liulizwe kwa heshima na kwa kila mtu, lisionekane kuwa ni tuhuma. Kwa mzee, linaweza kutanguliwa na shikamoo, kisha: «Mzee, nyumbani kwenu dawa za shamba mnazihifadhi wapi? Na silaha je, ipo? Ufunguo anao nani?» Kwa mama mwenye mtoto mchanga: «Mama, huyu akianza kutambaa atakutana na nini sakafuni?»

Kuuliza kuhusu mawazo ya kujiua hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mgonjwa mwenye huzuni aulizwe wazi: «Je, umewahi kufikia kuona heri ufe? Umefikiria kujidhuru?» Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, familia ishirikishwe kwa ridhaa yake kadiri inavyowezekana, vitu vya hatari viondolewe nyumbani siku hiyohiyo, na rufaa ipangwe hadi hospitali yenye huduma ya afya ya akili.

Mhudumu akumbuke pia kwamba jaribio la kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, na hofu ya polisi huchelewesha baadhi ya familia kuleta mgonjwa. Huruma ya mapokezi ndiyo inayoamua kama familia ya pili itawahi. Fomu namba 3 ya polisi ina nafasi yake katika kumbukumbu za majeraha, lakini kuokoa uhai kunatangulia karatasi.

Ajali ikitokea

Aliyemeza kiuatilifu asilazimishwe kutapika, asipewe maziwa, mafuta wala dawa ya kienyeji. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa maji mengi na sabuni, naye anayemsaidia avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, alazwe kwa ubavu. Apelekwe kituo cha karibu mara moja, na chombo cha dawa chenye lebo kiende naye, maana lebo ndiyo itakayomwongoza tabibu.

Kwa mtoa tiba, mboni ndogo sana, mate na jasho jingi, kifua kilichojaa maji na mapigo ya polepole huashiria sumu za kundi la oganofosfati au kabameti. Atropini ianzishwe bila kusubiri vipimo, na dozi iongezwe kwa kufuata mwongozo hadi kifua kikauke na mapigo yapande. Kukauka kwa kifua ndiyo alama ya kufuata. Ukubwa wa mboni pekee usitumike.

Aliyepigwa risasi abanwe jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia, afunikwe asipate baridi, na asafirishwe haraka. Risasi iliyomo mwilini isitafutwe njiani.

Hitimisho

Familia isiyo na fedha ya sefu haikosi kinga. Leo inaweza kutoa risasi ndani ya bunduki, kuzitenga, kukusanya chupa zilizotapakaa na kuhamisha ufunguo. Kesho inaweza kutia komeo jipya kwenye tranka la zamani. Kahawa ikishauzwa, inaweza kumwita fundi wa kuchomelea. Mpangilio huo ndio sahihi, kwa sababu hatua za kwanza ndizo za bei ndogo na ndizo zinazookoa zaidi.

Msomaji ambaye mwenyewe anapitia mawazo ya kutaka kufa afahamu kwamba hali hiyo hutibika na kwamba wengi waliowahi kuipitia wapo hai na wana furaha ya kuwa hai. Amwambie mtu mmoja leo: mke au mume, ndugu, kiongozi wa dini, au mhudumu wa zahanati iliyo karibu. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya hupatikana bila malipo kwa namba 199. Na kabla ya yote, amkabidhi mtu huyo ufunguo.

Maswali ya mjadala

1. Katika kijiji chenu, ni nani angeweza kushika ufunguo wa akiba wa jirani bila kuleta maneno?
2. Chama chenu cha ushirika kina ghala linaloweza kufungwa? Nini kinazuia lisitumike kuhifadhi viuatilifu vya wanachama?
3. Katika kituo chenu cha kazi, ni kliniki ipi ambayo swali la hifadhi ya silaha na viuatilifu linaweza kuanza kuulizwa wiki hii?